Tazameni Kitoweo

Wanangu mlioanza kujitegemea mjini, mnaopanga chumba na kula kwa mama ntilie, mkinenepa msijitukane kuwa ni walafi. Wala msimcheke mwenzenu aliyenenepa. Sikilizeni kwanza habari za nzige.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Oxford, Stephen Simpson na David Raubenheimer waliwalisha nzige vyakula vilivyopimwa protini na wanga, kila mmoja aina moja tu. Nzige aliyepewa wanga mwingi na protini kidogo hakuacha kula aliposhiba wanga. Aliendelea kutafuna akiitafuta protini, na wanga uliozidi ukageuka mafuta mwilini. Akanenepa, akachelewa kukomaa.

Mwaka 2005 wataalamu hao waliandika kwamba binadamu naye yumo katika kanuni hiyo, na mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Sydney kwa watu 22 wembamba. Katika siku nne ambazo protini ilikuwa asilimia 10 ya nishati ya chakula chao, walikula asilimia 12 zaidi kuliko ilipokuwa asilimia 15. Na ziada hiyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni vitafunwa vya kati ya milo, hasa vile vya chumvichumvi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mtego. Mababu zetu walipoonja ladha ya namna hiyo porini, mara nyingi ilikuwa nyama au samaki. Leo inanyunyizwa juu ya viazi vya pakiti. Ulimi unaambiwa kuku amefika, tumbo linapokea wanga na mafuta, na njaa iko palepale.

Halafu kuna bei. Nyama, samaki na mayai ni ghali, tena vinaharibika upesi. Unga, sukari na mafuta ya kula ni rahisi na vinakaa dukani miezi. Kila anayeuza chakula ana sababu ya kupunguza kilicho ghali na kuongeza kilicho rahisi, na ninyi mwisho wa mwezi mnafanya vivyo hivyo: mlima wa sembe na mchuzi wenye finyango mbili, chai na maandazi matatu, chipsi kavu na soda. Mfuko umenusurika, mwili haujapata chake. Baada ya saa mbili mkono unatafuta tena cha kutafuna.

Msitegemee mazoezi peke yake. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, matokeo yakatoka mwaka 2012. Wahadzabe wanatembea sana kutafuta chakula, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Fanyeni mazoezi kwa ajili ya moyo na misuli. Unene mnaouogopa unaingilia mdomoni.

Kwa hiyo nawasihi, shilingi ya kwanza ya chakula iende kwenye kitoweo. Dagaa, maharage, kunde na choroko ni protini ambayo mtu wa kipato kidogo anaimudu. Kwenye banda la chipsi, fedha ikitosha kimoja tu kati ya yai na soda, chukua yai. Siwaelekezi kwenye makopo ya unga wa protini, maana nzige waliojazwa protini na kunyimwa wanga nao waliumia.

Na mkijaliwa watoto, msiwazoeze uji wa sembe na sukari peke yake. Wasagieni karanga mtie humo, na maziwa yakipatikana. Karanga zichambueni kwanza kwa mkono, punje baada ya punje, mkitupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kwa sababu ukungu ule una sumu inayodhuru ini.