Kosa la Mjuaji Hulipwa na Nani?

Ndugu msomaji, nina deni nisilojua nitalilipa vipi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2016, nimemaliza kidato cha sita na niko kijiweni tu, nilipata kazi kwenye kibanda cha steshenari karibu na stendi ya Lushoto. Kazi yenyewe kupiga chapa, kutoa fotokopi, kuuza kalamu. Wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama walileta kazi zao tuwachapie, nami nikawa nasoma kila kinachopita mbele ya macho yangu. Haukupita muda nikayajua maneno: mrufani, mjibu rufani, sababu za rufaa. Wateja wa vijijini wakaanza kuniita "wakili". Sikuwasahihisha. Nani anakataa sifa ya bure?

Asubuhi moja ya ukungu akaja bibi mmoja kutoka upande wa Mlalo, kajitanda kanga mbili kwa baridi. Lilikuwa shauri la mirathi. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imempa shemeji yake shamba la matuta alilolilima miaka yote na marehemu mumewe.

"Mwanangu, niandikie."

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Niachie karatasi."

Basi bwana, nikairembaremba ile rufaa, leo naongeza neno, kesho nafuta. Nilitaka hakimu akiisoma ashangae. Bibi alipoipeleka akaambiwa muda umepita. Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Sikujua. Ipo pia njia ya kuomba kuongezewa muda, ukiwa na sababu za msingi. Hiyo nayo sikuijua, nikamwambia, "Bibi, ndiyo basi tena." Hakunilaumu. Alishanilipa hela ya kuchapa, na shamba likaenda.

Leo nasoma sheria chuo kikuu, na kila siku nasikia vijana wenzangu wakilalamika. Eti usome shahada miaka mitatu au minne, halafu uende Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko kuna darasa, kuna kupelekwa mahakamani na maofisini kujifunza kazi, kuna mitihani. Ukifaulu ndipo uombe kwa Jaji Mkuu uandikishwe kuwa wakili. Mwaka 2022 yalitoka matokeo yaliyotikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Kelele zikawa nyingi mpaka serikali ikaunda kamati ya kuchunguza.

Wenzangu wanauliza, huu si uonevu? Wakubwa wanafunga mlango ili wabaki wachache mezani. Swali lao si la kipuuzi. Mtihani unaweza kweli kugeuka geti la kulinda ulaji. Lakini mimi kila nikisikia neno "mlango" namwona yule bibi. Fundi seremala akikosea, mbao inaharibika, ananunua nyingine. Nilipokosea mimi, aliyepoteza shamba ni mtu mwingine kabisa. Mimi jioni ile nilifunga kibanda nikaenda kula. Kazi ambayo kosa lake hulipwa na mwingine, huyo mwingine ana haki ya kudai tufundishwe kwanza.

Hapo utaniuliza: kwani bibi angempata wapi wakili? Nakubali. Mawakili wengi wako mjini na gharama zao anazijua Mungu. Isitoshe, enzi hizo mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Sheria ilianza kuwafungulia mlango huo mwaka 2021. Ukiweka ukuta mrefu halafu nje ya ukuta usiweke kitu, watu watakimbilia kwa kijana wa steshenari. Kwa hiyo naona busara katika Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria: watu wanaopewa mafunzo ya kiasi, wakasajiliwa, na kazi yao ikawekewa mipaka. Msaidizi anayejua mipaka yake angemwambia bibi siku ile ile, "Hili ni la haraka, twende kwa fulani."

Neno hilo ndilo lililonishinda. Nilijua mengi kuliko bibi, ila sikujua ujuzi wangu unaishia wapi, na kiburi hakikuniacha niulize. Wanachuo wa sheria walikuwa wanasimama mbele yangu kila siku! Kwa hiyo mafunzo yawe marefu au mafupi, mtihani uwe mgumu au mwepesi, mimi ningeupima kwa jambo moja: je, unamtoa mtu anayeweza kusema "sijui, ngoja niulize" mbele ya mteja anayemwamini? Ukimpa cheti mtu asiyeweza kulisema hilo, umempa tu suti.

Likizo iliyopita nilipanda gari hadi Mlalo. Bibi yu hai, analima kipande cha kuazima. Aliponiona akawaita wajukuu: "Njooni mumsalimie wakili!"

Safari hii nilimsahihisha. Halafu nikamweleza habari ya zile siku 30.