Kushindwa ni Mali ya Nani?

Katika nyanda za Ngorongoro, ng'ombe wakishatulia malishoni, si ajabu kuwakuta wachungaji wawili wameketi chini ya mgunga, wamechimba kwa ncha ya fimbo safu mbili za vishimo na kuokota changarawe za kutosha, nao wameinama kimya juu ya mchezo ambao Wamasai huuita enkeshui. Mtu wa Unguja au Lamu akipita hapo hahitaji kuelezwa. Ataona mkono unaochota, unaosambaza moja moja, unaokula na kuendelea, na atatambua kuwa huyu ni ndugu wa bao lake, ijapokuwa bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, na kete zake 64 aghalabu ni komwe.

Ukitoka lango la Lodoare, msitu ukiisha na mashamba ya ngano na mahindi ya Wairaqw yakianza, barabara huteremka hadi mji wa Karatu. Huko, kama kwingineko nchini, miaka ya 2000 ilileta mchezo mwingine wenye umaskini uleule wa vifaa: nyoka wa simu. Taneli Armanto wa kampuni ya Nokia alimtia nyoka huyo katika simu ya 6110 mwaka 1997, kwenye kioo cha nukta 84 kwa 48, bila rangi. Mwaka 2003 toleo lake la pili likaja ndani ya Nokia 1100, mojawapo ya zile simu zenye tochi ambazo watu waliziita vitochi. Wapiga debe wa stendi, walinzi wa usiku, hata wachungaji waliopata simu kabla ya kupata umeme, wote walimjua nyoka.

Mchezo wa haki ni upi? Jibu la haraka ni kwamba ni ule wenye kanuni zilizo sawa kwa kila achezaye. Jibu hilo halitoshi, kwani hata mashine ya kamari ina kanuni, na kanuni zake humkamua tajiri na maskini bila upendeleo. Yafaa kuuliza zaidi: mtu akishindwa, kushindwa kwake kunakwenda kwa nani?

Mtazame nyoka. Kila tonge analokula humrefusha, na baada ya muda hana adui mkubwa kuliko mwili wake mwenyewe. Kizuizi kinachomuua mchezaji amekijenga kwa mkono wake, tonge kwa tonge, na kila tonge alilifurahia. Bao nalo lina ukali wa namna hiyo: shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzia kula, hata mlimbikizaji hujikuta amebeba mzigo asioweza kuutumia. Tena kete iliyoliwa haitoki mchezoni kama kipande cha sataranji. Hupandwa upande wa mlaji, na kesho yake, yaani baada ya mizunguko miwili mitatu, yaweza kurudi ilikotoka. Hakuna dadu. Hakuna kilichofichwa. Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake mwaka 1995, aliona katika hesabu zao mahali pa kupimia mipaka ya akili ya binadamu. Kipimo hicho kisingewezekana katika mchezo ambao bahati huingilia kati.

Anayeshindwa katika michezo hii anaondoka na kushindwa kwake, analala nako, anakichambua kila kitendo chake, na pengine anarudi kesho yake akiwa mjanja zaidi. Ni mali yake. Mashine za kamari zinazomeza sarafu, na nyingi katika gemu za simu za leo ambazo huuza uhai na nguvu kwa fedha, zimempokonya mali hiyo. Yupo mtu wa tatu, asiyeketi mchezoni wala kuonekana, ambaye kila kosa la mchezaji ni pato lake, na ndiye aliyetunga kanuni.

Wapenzi wa michezo ya kale ya kompyuta hawapendi kukumbushwa kwamba mtu huyo wa tatu alikuwapo tangu mapema. Space Invaders, mchezo wa mwaka 1978 uliobuniwa na Tomohiro Nishikado, uliendeshwa kwa sarafu, na mwenye mashine alifaidika mchezaji alipokufa upesi. Hata hivyo ugumu wake mashuhuri haukuzaliwa na tamaa. Mashine ilikuwa dhaifu: kadiri maadui walivyopungua kiooni, ndivyo ilivyopata wepesi wa kuwachora waliosalia, nao wakakimbia zaidi. Nishikado aliliona jambo hilo akaliacha. Na sarafu moja mkononi mwa fundi iliweza kudumu muda mrefu mno, mwenye mashine akitazama bila la kufanya. Ustadi ulikuwa ngao. Nyoka alikuwa safi zaidi, kwa kuwa alikwisha kulipiwa pamoja na simu. Kifo chake hakikumwingizia mtu hata senti.

Mafakihi walilitazama suala hili kutoka upande mwingine. Nardi, mchezo wa dadu, wengi waliuharamisha. Kuhusu sataranji walihitilafiana, na Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya wengi katika mwambao, anatajwa kuwa aliiona makuruhu, madhali haina kamari wala haimsahaulishi mtu sala. Sharti la kwanza bao na nyoka hulivuka kwa urahisi. La pili huwakaba. Ngorongoro ina fisi na simba, na mchungaji aliyezama katika enkeshui hadi ndama akapotea hajapoteza kilicho chake peke yake: watoto nyumbani wamepoteza maziwa. Hapo ile hoja ya mali binafsi inalegea, na hakuna uzuri wa kanuni unaoweza kuitetea.

Lakini wachungaji ni wawili, na aghalabu kuna wa tatu aliyesimama akiegemea fimbo, huyu asiyefaidika na lolote, ambaye macho yake hayako vishimoni muda wote. Yeye ndiye atakayesema ng'ombe wamevuka korongo. Nyoka wa simu hakuwa na mtu kama huyo; mlinzi wa Karatu alicheza peke yake hadi betri ilipokwisha, na betri ndiyo iliyomwinua. Jua likielekea magharibi wachungaji husimama, hukung'uta shuka zao na kuwafuata ng'ombe. Changarawe hubaki vishimoni, na atakayepita kabla ya mvua hatahitaji kuchimba.