Kasia la Pili

Mjukuu wangu, mamako aliniletea habari Ijumaa baada ya sala, nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa tungu. Umemaliza masomo ya ndege ya injini moja, na sasa waenda Nairobi, Uwanja wa Wilson, kujifunza ya injini mbili. Uso wake ulikuwa wang'ara. "Afadhali sasa, baba," akanambia. "Moja ikizimika, ya pili ipo."

Sikumjibu. Mamako si wa kubishana naye siku ya furaha yake. Lakini wewe nitakwambia. Mimi si rubani, nilikuwa mpakiaji mizigo pale uwanja wa ndege wa Port Reitz tangu 1981 hadi mgongo uliponikataza, na katika miaka hiyo nimewasikia watu wengi wakisema "ya pili ipo", wengine wao kwa sauti ya mtu aliyekwisha acha kufikiri.

Wakumbuka siku ile ya mashua ya mjomba wako, hapa Mtongwe? Ulikuwa na miaka tisa, kumi. Mjomba wako alishika kasia la kulia, wewe ukang'ang'ania la kushoto. Katikati ya mkondo ukachoka, ukaacha kuvuta, kasia likabaki linaning'inia majini. Mashua haikupunguza mwendo ikaendelea taratibu kama ulivyodhani. Iligeuza kichwa upande wako na kuanza kulala. Mimi nyuma nikaukaza usukani, ukashika kidogo, kwa kuwa chombo kilikuwa bado na mwendo. Mwendo ulipokwisha, usukani ukawa ubao tu mkononi mwangu. Nikakupigia kelele utoe kasia majini, ukalia ukidhani nimekasirika. Sikukasirika. Kasia lile lililolala lilikuwa latuvuta kuliko mkondo wenyewe.

Hiyo ndiyo ndege ya injini mbili moja ikizimika. Inageukia upande wa injini iliyokufa. Rafadha yake, isipogeuzwa mapanga yakakata upepo kwa ubavu mwembamba, huwa kama sinia lililokingwa mbele ya upepo. Na usukani wa mkiani hufanya kazi pale tu penye kasi. Nimechungulia mara nyingi ndani ya vile vyumba vya marubani nikipitisha mizigo: kwenye saa ya mwendo mna mstari mwekundu na mstari wa buluu. Rubani mmoja alinieleza. Chini ya ule mwekundu, injini moja ikiwa imezimika na nyingine inanguruma kwa nguvu zote, mguu wako hauwezi tena kuizuia ndege isigeuke na kupinduka. Ule wa buluu ndio mwendo unaokupa tamaa ya kupanda. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Hapa usukani upo, kilichokwisha ni mwendo.

Na ujue injini iliyobaki haikupi nusu ya uwezo. Tufanye hesabu ya nyumbani. Mshahara wako tuseme ni shilingi 40,000, nawe ni mtu wa kubana, kodi na chakula na matatu vyala 15,000. Wabaki na 25,000 za kuweka. Ukikatwa mshahara nusu, wapata 20,000. Toa zile 15,000, akiba ni 5,000. Mapato yamepungua nusu, lakini akiba imepotea sehemu nne kwa tano. Nguvu nyingi ya ile injini iliyobaki huliwa na kule kukaa angani tu. Kinachobaki ndicho cha kupandia. Ndiyo maana ndege nyingi ndogo za injini mbili za pistoni hazikulazimishwa na sheria zilizoziidhinisha ziweze kupanda kwa injini moja. Ilitakiwa tu ijulikane zitapanda kiasi gani, au zitashuka kiasi gani.

Na Nairobi kodi ni ghali, wewe wajua. Port Reitz iko mita kama 60 tu juu ya bahari, hewa nzito, injini yavuta pumzi vizuri. Wilson iko karibu mita 1,700. Hewa ni nyepesi, injini ya pistoni isiyo na pampu ya kuisindilia hewa hupungukiwa nguvu, na mabawa nayo hayana cha kushika. Zile 5,000 zako za akiba, ukiongeza jua la saa nane na abiria wanene, zaweza kugeuka deni. Ndege ambayo hapa ingekurudisha uwanjani kwa injini moja, kule itakupeleka tu mahali pa kuangukia.

Hayo utafundishwa, na utafundishwa vizuri kuliko ninavyokueleza mimi. Ninalotaka kukwambia ni jingine. Zitazame ajali zetu wenyewe.

Tarehe 24 Januari 2003, serikali ya NARC haijamaliza hata mwezi. Mawaziri wametoka kwenye sherehe ya Moody Awori huko Busia, wanapanda Gulfstream ya rafadha mbili warudi Nairobi. Uwanja mdogo. Ndege iliruka, ikagonga nyaya za umeme, ikaanguka. Waziri wa Leba Ahmed Khalif na marubani wawili wakafa. Martha Karua na Raphael Tuju walikuwemo, wakanusurika.

Julai 19 mwaka huohuo, ndege ya injini mbili ilitoka Wilson na watalii 12 wa Kimarekani, wengi wao wa ukoo mmoja, na marubani wawili, ikielekea Samburu. Iliupiga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana. Hakupona mtu. Halafu Marsabit, Aprili 10, 2006. Ndege ya Jeshi la Wanahewa, Harbin Y-12 ya Kichina, watu 17 ndani, wabunge na viongozi wa dini waliokuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikiuana. Marsabit ni mlima uliosimama peke yake jangwani, na wingu hupenda kuukalia. Waliugonga. Wakafa 14, wakiwemo Bonaya Godana aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, Mirugi Kariuki, Titus Ngoyoni, Abdi Sasura, Guracha Galgallo, na Askofu William Waqo.

Sasa niambie, mjukuu wangu, injini ya pili iliwafaa nini waliogonga mlima? Mlima hauhesabu injini. Ile ya Kwale ya Oktoba 28, 2025, iliyotoka Diani asubuhi na watu 11 na haikufika Mara, ilikuwa ya injini moja, na hukumu yake nawaachia wachunguzi. Lakini jirani yangu wa Likoni aliposema "ingekuwa ya injini mbili wangepona", nilimuuliza kama amewahi kusikia Marsabit. Alikuwa amesahau. Watu husahau upesi.

Nikikaa nikaziwaza hizi, naona kuna mtu kabla ya injini. Kuna ratiba, kuna wakubwa wana mkutano, kuna mkataba wa watalii, na kuna rubani anayeona haya kusema hapana. Sisemi ndivyo ilivyokuwa katika kila moja. Nasema niliyoyaona kwa macho yangu, na moja nililifanya kwa mkono wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Ndege ndogo ya injini mbili yaenda Lamu, na abiria wamebeba vitu vya harusi: masufuria, gunia la mchele, mabunda ya vitambaa. Mizani yetu ilikuwa ile ya chuma yenye jiwe la kusukuma, nami nilikuwa na mazoea ya kulisukuma kwa kidole gumba polepole hadi mkono ulale sawa. Mzigo mmoja ulisoma kilo 23. Msimamizi wangu, kampuni siitaji, akainama sikioni: "Andika 15, watu wa harusi hawa." Nikaandika 15. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu sikungoja kuambiwa.

Nilisimama pembeni na karatasi yangu nikaitazama ile ndege ikikimbia. Ikakimbia. Ikapita pale inapoinuka siku zote, bado magurudumu yako chini. Sikumbuki kama nilivuta pumzi. Iliinuka karibu na majani, ikayumba kidogo, ikaenda zake. Jioni rubani akarudi, kijana mmoja mpole, akanambia, "Leo ilikuwa nzito, mzee." Nikacheka naye. Lau injini moja ingekohoa pale kwenye majani, mimi ndiye ningekuwa nimewaua, na faili lingeandikwa injini.

Sijamwambia mtu, hata bibi yako. Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka hapa Mtongwe ikiwa imejazwa kupita kiasi, wakafa watu 272, nilikuwa ufuoni na wenzangu tukingoja miili itolewe. Kilichonijia kichwani ni ile 15.

Basi pima mizigo mwenyewe. Ukiambiwa kilo 15, inua. Na uliza mzigo umekaa wapi, maana uzito wa mbele na wa nyuma si mmoja. Bandundu, kule Kongo, Agosti 2010, ndege ya Let ya injini mbili ilianguka, akapona mtu mmoja tu kati ya 21. Kwa maelezo yake, mamba aliyefichwa ndani ya begi alitoka, abiria wote wakakimbilia mbele. Watu huicheka hadithi hii. Mimi siicheki.

Kila asubuhi toa mafuta kidogo chini ya kila tangi, uyainue kwenye mwanga ndani ya gilasi. Petroli ya ndege ni ya buluu. Maji huzama chini yake, meupe, kama lulu. Kwa unyevu wetu wa pwani utayaona. Unazo injini mbili, lakini aliyezijaza mafuta ni mtu mmoja, kutoka gari moja.

Kengele ikilia ukiwa bado ardhini, simama. Fokker iliyotoka Jomo Kenyatta na miraa kwenda Mogadishu, Julai 2, 2014, iliangukia Utawala na wote wanne waliokuwemo wakafa. Mlio wa tahadhari ulikuwa umelia tena na tena wakati ndege ikikimbia kwenye barabara ya kurukia. Walikuwa na nafasi ya kukanyaga breki.

Nilimwona rubani mmoja tu aliyekataa hadharani. Bwana mkubwa mmoja alikuja na masanduku mawili zaidi, akapiga kelele, akataja majina. Rubani hakubishana. Alizima injini zote mbili, akashuka, akaketi kivulini chini ya bawa, akafungua karatasi yake ya mahamri na mbaazi, akaanza kula. Alikula polepole mno. Alipofika la tatu, masanduku yalikuwa yameshuka. Wewe utaitwa "binti" na "mtoto mdogo", watakuuliza mwenye ndege ni nani. Beba mahamri.

Jumamosi maji yatajaa mapema. Nimemwambia mjomba wako ailete mashua hapa chini kabla hujasafiri. Wewe utashika usukani safari hii. Yeye na mwanawe watavuta makasia, na mmoja wao nimemwagiza aache ghafla, bila kukwambia lini.