Mchanga Ulio Ukutani Mwangu

Susu wangu huko Makueni hana mfereji. Mto ulio chini ya shamba lake hutiririka wiki chache tu kwa mwaka. Miezi mingine ni mchanga mtupu. Lakini akitaka maji hushuka na punda, anachimba shimo kwa bakuli, anangoja. Maji yanachuruzika polepole, baridi, safi kuliko yale ninayonunua kwa mtungi Nairobi.

Utotoni nilidhani ni muujiza. Kumbe ni ukuta. Wanakijiji, kwa ule umoja wa Wakamba uitwao mwethya, walijenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto. Mafuriko huleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanabaki katikati ya chembe zake. Jua haliyafikii kirahisi, na mbu hawana pa kuzalia. Ongeza matuta ya fanya juu shambani, yanayozuia mvua isikimbie na udongo, na mtu anavuna sukuma Septemba, wakati majirani wasio na maji wanatazama vumbi.

Shida ni kwamba mchanga huo huo ndio Nairobi inautaka. Hakuna mjengo bila mchanga. Lori likija usiku, halibebi mchanga peke yake. Linabeba tangi la kijiji. Mwaka wa 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti uvunaji wake. Vizuri. Lakini sheria haijibu swali linaloninyima usingizi: mwizi ni nani?

Ni rahisi kusema ni vijana wanaopakia. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Nilipokosa karo ya muhula wa kwanza chuoni, yeye ndiye aliyenitumia pesa, nami sikuuliza zimetoka wapi. Baadaye niliacha chuo. Mchanga haukurudi.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Tunakisoma kama deni la serikali kwetu, na ni kweli. Ila haki ya susu inaweza kuvunjwa na mtu asiye na nia mbaya kabisa, anayetaka tu bedsita ya bei nafuu. Mtu kama mimi. Labda na wewe. Sisemi tuhame maghorofa. Nasema kutojua hakutuondolei lawama, hasa kutojua kukiwa kunatufaa. Anayejenga huuliza bei ya lori la mchanga. Anaweza pia kuuliza limetoka mto gani, na kwa kibali cha nani.

Agosti iliyopita nilimkuta binamu kwenye mwethya, akibeba mawe ya ukuta mpya. Nilimsaidia siku mbili, mikono ikachubuka. Nikamwambia bado nina deni lake.

"Langu liache," akasema. "Lipa la susu."

Akanipa jiwe lingine.