Mtihani wa Mtoto na Maneno ya Barazani

Katika mitaa ya Dar es Salaam iliyokaa baina ya Mnazi Mmoja na bonde la Msimbazi, salamu si jambo la kupita upesi. Watu wakikutana Mtaa wa Kongo au Mkunguni huulizana hali, kisha nyumba, kisha kazi, kisha bei ya vitunguu, kisha mpira; na mpira hauna budi kuja, maana Simba wana makao yao Mtaa wa Msimbazi na Yanga wako Jangwani, si mbali. Baada ya hayo yote huja swali ambalo ndilo tutakalo kulizungumza hapa. Husemwa kwa uso mkunjufu, wala hapana aliyewahi kulihesabu kuwa baya: "Na kijana wetu je, mtihani kapata ngapi?"

Swali hilo ni salamu, au ni hukumu? Na likiwa ni hukumu, je, wema wa nia ya mwulizaji watosha kuuondoa uchungu wake?

Tuanze na neno lenyewe. Mtihani ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo katika kinywa cha Mswahili lina maana mbili. Mtu akifiwa, jirani humwambia kuwa huo ni mtihani. Wafanyabiashara wa soko la Kariakoo walipounguliwa na soko lao Julai 2021, walipatwa na mtihani, wala hapana aliyewauliza wamekuwa wa ngapi. Mtihani wa namna hii huwaleta watu karibu: huyu huja na mkeka, yule na kilo ya sukari, mwingine hana kitu ila huja kukaa kimya. Tena anayejaribiwa si mwenye msiba peke yake. Majirani nao wamo mtihanini, maana hapo ndipo utu wao utakapoonekana au utakapokosekana. Maana ya pili ililetwa na shule: karatasi, saa ya ukutani, msimamizi, na alama. Hatusemi kwamba maana hii ya pili ni mbaya. Twasema kwamba imeifukuza ya kwanza, hata mtoto akishindwa hapana ajaye na mkeka.

Yafaa pia tukumbuke mtihani huu wa mwisho wa shule ya msingi ulivyokuwa ukifanya kazi. Muuza mchele wa Kariakoo ana vyombo viwili. Ana mzani, na ana chekeche. Mzani humwambia uzito wa mchele, wala hautupi hata punje moja. Chekeche haujui uzito. Huzuia kilicho kikubwa na kuangusha kilicho kidogo, na ukubwa wa matundu yake aliuamua fundi. Mwaka 1967, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watoto kama 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliokuwa na nafasi ya sekondari, na akataka mitihani ipunguziwe heshima iliyokuwa nayo machoni pa watu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya darasa la kwanza ifikapo Novemba 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa kwanza. Milango ya darasa la kwanza ikafunguliwa kwa upana; milango ya sekondari ikabaki myembamba.

Hivyo kwa miaka mingi mtihani uliitwa mzani na kumbe ulikuwa chekeche, na matundu yake yalitobolewa kwa kadiri ya madawati yaliyokuwapo, si kwa kadiri ya akili za watoto. Mtoto aliweza kujibu vyema na asichaguliwe. Barazani, hata hivyo, maneno "hakuchaguliwa" hayakudumu. Yalikuwa marefu mno. Likatwaliwa neno fupi la Kiingereza, likavishwa kanzu ya Kiswahili, likasemwa: "kafeli." Neno hakuchaguliwa lina mtu mwingine ndani yake, aliyechagua. Neno kafeli linambakiza mtoto peke yake, na kosa lote juu ya kichwa chake. Kwa namna hiyo upungufu wa taifa zima uligeuzwa kuwa aibu ya mtoto wa miaka kumi na minne.

Tumesikia hoja ya wazee wetu, nayo haifai kudharauliwa. Husema kwamba mtoto ni wa mtaa mzima, si wa mama yake tu. Kwamba yule asiyeulizwa ni yatima wa watu. Na kwamba mji ambao jirani hajui habari za mtoto wa jirani ni mji wa baridi. Maneno haya ni kweli, na sisi wenyewe tu matunda ya malezi hayo. Lakini tuyatazame mazungumzo yalivyo. Mashabiki wa Simba na Yanga huumizana kwa maneno kila wiki, na bado hunywa kahawa ya birika moja. Utani huo ni halali kwa sababu kila mmoja ana ulimi wa kujibu: leo umenicheka, Jumamosi nitakucheka. Mtoto hana Jumamosi yake. Amepita na mkate wa mama, amesema "shikamoo", amejibiwa "marahaba", na kwa adabu tuliyomfunza hana ruhusa ya kunyamaza wala kugeuza maneno. Mkubwa akimwuliza mkubwa mwenziwe, ni mazungumzo. Mkubwa akimwuliza mtoto mbele ya watu kumi, ni amri, hata ikisemwa kwa kicheko. Hapa ndipo nia njema inapopungukiwa: hatuwezi kuiita ongezi shughuli ambayo upande mmoja hauna haki ya kukataa.

Matokeo yake twayajua. Wapo watoto ambao majibu yakitoka hupelekwa kwa shangazi Kisarawe au Mkuranga, ati kupunga hewa. Wapo wanaozunguka uchochoro wa nyuma ili wasipite penye meza ya bao. Mtoto anayeukimbia mtaa wake kwa sababu mtaa unampenda na unamwuliza habari zake, huo ni msiba wa ajabu.

Na nini hasa kinachoulizwa? Sehemu kubwa ya maswali ya mtihani wa darasa la saba hujibiwa kwa kusiliba herufi ya jibu, utaratibu ulioanza mwaka 2012. Ni njia ya haraka ya kusahihisha karatasi za watoto wengi mno, na hatuoni serikali ingefanyaje vinginevyo. Lakini mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha habari za watoto watano wauzaji wa barabarani na sokoni katika mji wa Recife, Brazili. Walipoulizwa hesabu za biashara yao palepale, walijibu sawasawa karibu maswali yote, 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu hizohizo kwenye karatasi bila habari ya nazi wala mnunuzi, walipata kama 37 katika 100. Mtu wa Kariakoo hahitaji kusafiri hadi Brazili ili kuyaamini hayo. Amsimamie tu mtoto amsaidiaye mama yake kuuza ndimu, atoe noti ya elfu kumi, angoje chenji. Hatusemi kwamba karatasi ilisema uongo. Ilisema kweli juu ya jambo moja, na baraza ikaifanya kuwa kweli juu ya mtoto mzima.

Siku hizi mambo yamelegea kidogo. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na nafasi za sekondari ni nyingi kuliko zamani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, nasi twaona lilifanya vyema. Lakini baraza ile ya kahawa na kashata haikuacha; majibu sasa huonwa kwenye simu, na wakati mwingine jirani huyajua kabla ya mama. Na Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, shule ya msingi ikiwa miaka sita. Chekeche, basi, utasogezwa mbele. Atakayeulizwa kapata ngapi atakuwa kijana wa miaka kumi na sita au saba, aliyekwisha kubalehe na mwenye ulimi wake. Naye huenda akatuuliza, kwa adabu zote, sisi tulipata ngapi.