Tisini na Tano

Mwanangu, juzi ulipopita kunisalimu hata chai hukumaliza. Jambo ulilolisema ukiwa mlangoni, kiatu kimoja tayari mguuni, limebaki nami tangu siku hiyo: kwamba shule uliyopangiwa haina maabara, mada inayofuata ni tabia za maji, na hujui utaanzia wapi. Naona nikuandikie, maana ninalotaka kukuambia linanihitaji nitulie.

Nianze na kosa langu. Lilitokea miaka yangu ya mwanzo ya ualimu, katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa na kipimajoto kimoja. Niliwasha kuni nje ya darasa, nikabandika sufuria kwenye mafiga, nikawaita darasa la sita waje watatu watatu wasome kipimajoto maji yakiwa yanatokota, kisha kila mmoja aandike alichokiona. Lakini ubaoni nilikuwa nimekwisha kuandika, kwa herufi kubwa, kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Madaftari yote yakaja na 100, isipokuwa moja. Kijana mmoja, mama yake akiuza ndizi gulioni, aliandika 95. Nikampiga mkasi kwa kalamu nyekundu, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hajui kusoma mistari midogo. Darasa zima likacheka. Hakubisha. Alifunga daftari lake akaketi.

Ilipita miaka kabla sijachemsha maji tena na kuinama kutazama mimi mwenyewe. Mpaka siku hiyo nilikuwa nawatuma watoto kutazama, mimi nikitazama kitabu. Zebaki ilipanda, ikafika 95 na kidogo, ikagoma. Niliongeza kuni. Maji yalichachamaa hata yakamwagika motoni, zebaki haikusogea. Nikaazima kipimajoto kingine, nacho kikasema vilevile. Ndipo nilipotafuta kitabu cha sekondari na kusoma habari za uzito wa hewa.

Hewa ina uzito, mwanangu. Pwani, pale Tanga au Dar es Salaam, hewa iliyolala juu ya sufuria ni nyingi kuliko iliyolala juu ya sufuria yako huku Isingiro. Ili maji yachemke, mvuke wake sharti upate nguvu ya kuisukuma hewa hiyo. Hewa ikipungua, kazi inapungua, na maji yanachemka mapema. Ukipanda kutoka usawa wa bahari, kila mita 300 hivi hupunguza kama nyuzi moja. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Waache watoto wapige hesabu hiyo wenyewe. Kisha waulize maji yatachemka kwa nyuzi ngapi kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Watapata kama 80, na utaona macho yao.

Mama zetu walilijua jambo hili bila tarakimu. Maharage ya huku yanakula kuni. Unapoona sufuria inatokota kwa fujo unadhani joto limezidi, kumbe limefika mwisho wake. Kuni unazoongeza zinageuza maji kuwa mvuke tu. Mwanafunzi akilielewa hilo atakwenda nyumbani, atafunika sufuria, atapunguza moto, na mzigo wa kuni alioubeba kichwani utapika siku nyingi zaidi. Wala usiwatie hofu kuhusu maji ya kunywa. Yakichemka sawasawa, hata kwa nyuzi 95, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibaki.

Yule kijana nilimtafuta. Alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba, familia ikahama, na waliobaki hawakujua ilikokwenda. Alikuwa mtoto pekee darasani aliyeandika alichokiona. Wengine arobaini na kitu waliandika nilichokiandika mimi, nami nikawapa vema.

Nadhani unajua habari za Erasto Mpemba, lakini yawezekana hukuambiwa sehemu inayotuhusu sisi walimu. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza ashikrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba alimwona mwenzake anawahi, akahofia kukosa nafasi, akaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya kwake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na huko akadhihakiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza mzaha wa darasani.

Hakuacha. Alipopata nafasi katika maabara ya biolojia alilijaribu tena kwa maji, na lilipotokea vilevile alilihifadhi swali lake. Siku moja akaja mgeni kutoa mhadhara, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza lile lile. Watu wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Kila nikifika hapo namwona yule kijana wangu na ile kalamu nyekundu. Fundi yule alikuwa na macho mazuri, ila alikuwa na ubao kichwani kama wangu. Osborne na Mpemba waliandika pamoja, makala ikachapishwa mwaka 1969, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Usiwafiche watoto kwamba ubishi haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, na majibu yapatayo 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha hata kwamba kuinua au kushusha kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kukudanganya. Heshima ya Mpemba haipungui kwa hilo. Ndiyo sayansi yenyewe: maji ya kwenye kopo bado yanawashughulisha wazee wenye mvi.

Sasa maabara. Unayo, ila haina mlango. Mwambie kila mtoto aje na kiganja cha maharage ambayo nyumbani wamekwisha kuyachagua, na kiganja cha ambayo hayajachaguliwa. Tia majini. Yaliyotobolewa na wadudu yanaelea, mazima yanazama. Wakulima wa kahawa hufanya hivyo hivyo na matunda mekundu: yanayoelea huenguliwa. Usiseme neno lolote. Uliza tu kwa nini, na ungoje. Ukimya wa darasa unatisha mwalimu mgeni, najua, lakini ungoje.

Waambie wachukue jani la gimbi bondeni na kudondoshea tone la maji. Litazunguka kama goroli bila kulilowanisha jani. Chukua bakuli la maji, laza pini kwa utaratibu juu ya uso wake, itabaki juu ingawa ni chuma. Kisha gusa maji kwa kidole chenye sabuni, pini itazama. Hapo una somo la wiki nzima, na sabuni ya kufulia itakuwa imeeleza kwa nini inatoa uchafu.

Barafu ndiyo ngumu kwetu. Muombe mwenye duka la soda akuwekee kwenye jokofu lake chupa ya plastiki uliyoijaza maji mpaka mdomoni, ukaifunga. Asubuhi ilete darasani. Itakuwa imevimba, pengine imepasuka, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu tisa katika mia. Vitu vingi vikiganda husinyaa, maji hukataa. Kwa sababu hiyo barafu huelea, na samaki wa nchi za baridi huishi chini yake majira yote ya baridi kali. Chupa iwe ya plastiki, nakusihi, isiwe ya kioo.

Na mtoto akikosa neno la Kiswahili, mwache aseme Kinyambo kwanza. Jambo likishaingia, neno litafuata. Kiingereza kitamngoja kidato cha kwanza, na akifika huko na kitu alichokiona kwa macho yake hatababaika sana.

Kipimajoto changu bado ninacho, kimefungwa kwa kitambaa ndani ya kasha, zebaki yake haijakatika. Ni cha kioo; kishike wewe, watoto wasome tu. Njoo Jumamosi ukichukue, na safari hii unywe chai yako mpaka mwisho. Tutachemsha maji hapa uani kwanza, wewe usome, mimi sitakuambia namba niliyoizoea. Na siku utakayowapeleka watoto kwenye mafiga, ingia darasani kabla yao ufute ubao.