Taa ya Shule ni ya Nani?

Hebu tuanze na mzigo wa kuni. Katika shule nyingi za Tanzania mtoto huagizwa aje na kuni, na dumu la maji mkononi, ili uji na makande vipikwe. Kwa hiyo shule ni kituo cha nishati tangu zamani, ila nishati inaingia tu. Inatoka kwa maskini, kichwani mwa mtoto wa miaka tisa, inaishia kwenye mafiga ya shule. Kurudi, hairudi.

Sasa serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Basi chukulia shule moja ya Bendera, kule tambarare za Same chini ya milima ya Upare, imefungiwa paneli za jua na betri. Jua la Bendera halina mgao. Jioni madarasa yanawaka, na ng'ambo ya uzio kuna bibi na koroboi lake. Je, ana haki na mwanga ule, au anaomba?

Mwalimu mkuu atajibu haraka: mali ya shule. Tusimcheke. Betri za asidi ukizikamua kupita nusu kila usiku zinakufa mapema, na za kununua nyingine ni pesa nyingi. Anayesema "gawa tu jamani" bila kutaja betri ni mkarimu kwa mali ya mwenzake. Lakini Juni na Desemba shule imefungwa, betri imejaa kabla ya adhuhuri, na jua linalobaki linapotea bure. Kumnyima jirani hapo hakumwongezei mwanafunzi hata dakika moja ya kusoma. Huo ni uchoyo, tena wa kijinga.

Halafu, shule ilijengwa na nani? Upareni kazi ya pamoja inaitwa msaragambo. Shule za kata zilizoota kila kona baada ya 2004 zilisimama kwa mchanga na mawe ya wananchi. Umebeba mawe, mwanao kabeba kuni, kisha unaambiwa taa haikuhusu?

Wapare walilifikiria jambo hili kabla paneli hazijazaliwa. Wana ndiva, bwawa dogo linalokinga maji usiku, na mchana hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Betri ni ndiva iliyogeuzwa: inakinga mchana, inafungua usiku. Ndiva haina cha bure. Anayekwepa kuzibua mfereji hutozwa faini. Kwa hiyo mimi naafiki watu walipie betri, kwa shilingi au kwa jembe.

Ila hapo ndipo ninapoachana na ndiva. Zamu yake inafuata jasho na shamba. Bibi yetu hana shamba, hana mjukuu shuleni, na jembe limemshinda. Kwa hesabu ya jasho atabaki gizani, na hesabu itakuwa sahihi kabisa! Sasa tupige hesabu nyingine. Kuchaji simu ya kawaida ni kama wati 15 kwa saa moja. Paneli ya wati 300, kwa saa moja ya jua kali, inatosha simu 20. Taa yake ndogo ya kuchaji inakula chini ya hapo. Bibi huyu hatamaliza jua. Anayemtoza halindi betri, analinda lango.

Na wewe wa Manzese usidhani haya ni ya shamba. Kwako nguzo imesimama mlangoni, lakini luku imeisha, na mdogo wako anasoma chini ya taa ya kituo cha mafuta huku shule ya jirani imefungwa, mlinzi na kufuli. Uzio ni uleule.

Mimi ningeanza na ufunguo. Kamati ya shule ina wazazi na walimu. Asiye na mtoto mara nyingi hayumo, na ndiye atakayesahauliwa zamu zikipangwa. Aitwe kikaoni. Kitabu cha zamu za Desemba kifunguliwe kwa jina lake, waliobeba mawe wafuate, na wenye simu tatu tatu wasubiri nyuma ya mstari na shilingi zao.